Ubao wa Kituo Hauwashi Gari

Wasomaji wengi wa safu hii ni walimu na wanafunzi, na huenda wakashangaa kumwona mhadhiri wa isimu akiyaacha mambo ya ngeli na vitenzi ili aandike kuhusu petroli. Nawaomba subira. Suala ninalolileta leo linahusu gari, lakini linahusu majina vilevile, na majina ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Swali lenyewe ni hili: gari likikataa kuwaka, je, kosa laweza kuwa la kampuni ambayo petroli yake imo ndani ya tangi? Hapa Eldoret swali hili halikosi kuzuka penye madereva watatu au zaidi. Huyu atakwambia kwamba petroli ya kampuni fulani ni maji matupu. Yule ataapa kwamba tangu ahamie kampuni nyingine gari lake huwaka kabla hajamaliza kugeuza ufunguo. Na wenye magari ya spoti ndio wanaoshikilia imani hizi kwa nguvu zaidi, kwa kuwa wao huyaona magari yao kuwa kama watoto wateule ambao hawawezi kula chakula cha kila mtu.

Nayasema haya bila kejeli, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Miaka michache iliyopita nilinunua gari la spoti lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, gari la milango miwili, lenye injini ya turbo. Mke wangu alicheka na wanafunzi wangu wakashangilia. Sisi tuliokuwa wadogo mwaka 1997, Colin McRae aliposhinda Safari Rally kwa Subaru Impreza, hatukupona kabisa ule ugonjwa wa kupenda magari yanayonguruma. Tukipata vijisenti ukubwani, ugonjwa hurudi.

Gari hilo lilikuwa na kasoro moja. Nilipotoka chuoni Kesses hadi mjini, nikaliegesha kwa nusu saa hivi, nikirudi lilikataa kuwaka. Stata ilizunguka, betri ilikuwa na nguvu, lakini injini haikupokea. Nikilingoja likapoa, huenda likawaka baada ya kubembelezwa sana. Asubuhi za baridi pia lilichelewa kuwaka, ingawa mwishowe liliitikia.

Ushauri haukuchelewa. Mhadhiri mwenzangu aliniambia niache kununua petroli ya kampuni niliyoizoea. Fundi wa kwanza, kijana mchangamfu wa jua kali, aliniambia bila hata kufungua boneti: "Daktari, hiyo petroli ndiyo inakuharibia gari. Tia ya kampuni ile nyingine." Mwendeshaji bodaboda aliyesimama hapo akaitaja kampuni ya tatu. Wote watatu walinena kwa yakini, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima chochote. Nami, mtu mwenye shahada ya uzamifu, niliwaamini.

Tukafika siku ambayo naikumbuka kwa haya. Gari lilikataa kuwaka hatua chache kutoka katika kituo nilichokuwa nimenunua petroli. Nilirudi kwa miguu nikiwa nimejaa hasira, nikamwendea kijana aliyekuwa amenitilia mafuta, nikamwambia mbele ya wateja kwamba wanatuuzia petroli iliyochanganywa. Kijana alinijibu kwa adabu, "Mzee, mafuta ni haya haya tunayowauzia wote." Sikumsikiliza. Nilidai kumwona msimamizi, na msimamizi, kwa kuogopa kelele zangu, akamwamuru kijana avue ile koti ya kazi na aende nyumbani mpaka aitwe. Niliondoka nikijiona nimetetea haki za wanunuzi.

Sasa tuyatazame mambo yalivyo. Petroli iuzwayo Eldoret inatoka wapi? Kenya haichimbi petroli ya kuuza vituoni, na kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tangu hapo petroli yetu yote huletwa kwa meli ikiwa tayari imesafishwa. Kwa miaka mingi uagizaji ulifanywa kwa zabuni ya wazi, ambapo kampuni moja iliyoshinda iliagiza shehena kwa niaba ya kampuni zote, kisha zikagawana. Mwaka 2023 serikali iliingia katika mpango mpya na kampuni tatu za Ghuba, yaani Saudi Aramco, ADNOC na ENOC. Katika mipango yote miwili, meli ikifika Mombasa hailetei kila kampuni petroli yake ya pekee. Inaleta shehena moja, wenye majina mbalimbali wakagawana.

Kutoka Mombasa mafuta husafiri ndani ya bomba la Kenya Pipeline, kampuni iliyoundwa mwaka 1973. Bomba hilo lilianza kufikisha mafuta Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likafika kwetu Eldoret na pia Kisumu. Ndani ya bomba hilo petroli ya kampuni zote hutiririka pamoja. Kampuni iliyoingiza lita elfu moja Mombasa haipewi lita zile zile hapa Eldoret. Hupewa lita elfu moja za aina hiyo hiyo. Ni kama M-Pesa. Ukiweka shilingi elfu moja kwa wakala wa Mombasa, nduguyo akazitoa Eldoret, hatarajii kupewa noti ile ile uliyoishika wewe, wala thamani yake haipungui kwa kuwa ni noti nyingine. Basi malori yenye rangi na nembo mbalimbali hupanga foleni kwenye bohari lile lile la Eldoret na kujazwa kutoka katika matangi yale yale. Kutoka hapo, kila lori huelekea kwenye ubao wake.

Hata ubao wenyewe haudumu. Vituo vilivyokuwa vya Caltex vilinunuliwa na Total mwaka 2009. Vilivyokuwa vya Mobil vikaitwa OiLibya, kisha vikaitwa OLA Energy. Kenol na Kobil zilinunuliwa na Rubis mwaka 2019. Palibadilishwa rangi ya paa na sare za wafanyakazi, na mara nyingi matangi yaliyofukiwa ardhini yakabaki yale yale. Mwanaisimu Mswisi Ferdinand de Saussure, ambaye mafunzo yake yalichapishwa mwaka 1916 baada ya kifo chake, alifundisha kwamba uhusiano baina ya neno na kile linachokitaja ni wa nasibu tu. Hakuna kitu ndani ya mti kinachoulazimisha uitwe "mti". Sisi wakazi wa hapa tungepaswa kulijua somo hilo kuliko wengine. Upande wa magharibi, kwenye barabara iendayo Malaba, tuna mji uitwao Turbo, na sijaona watu wake wakitembea kwa kasi kuliko sisi.

Hata hivyo, sitaki kuwa mkaidi. Zipo tofauti, na ni haki zitajwe. Baadhi ya kampuni huongeza dawa maalumu katika petroli yao ili kuzisafisha nozeli na vali za injini. Petroli kama V-Power au Excellium ni za namna hiyo. Dawa hizo zaweza kuisaidia injini iendelee kuwa safi kwa muda mrefu, lakini si muujiza wa kulifufua gari lililokataa kuwaka leo. Kuna pia suala la okteni. Magari mengi ya turbo kutoka Japani yalitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa sheria za viwango za huko huwa na okteni isiyopungua 96. Okteni ikiwa ndogo mno, injini ya turbo inaweza kugonga inapokanyagwa sana mlimani, na dereva mwenye busara atalizingatia hilo. Lakini okteni hupima uwezo wa petroli wa kustahimili mgandamizo bila kujilipukia. Haipimi wepesi wa kuwaka asubuhi.

Kinachohusika hasa na kuwaka ni wepesi wa petroli kugeuka mvuke. Injini haichomi petroli iliyo maji. Huchoma mvuke wake uliochanganyika na hewa. Ndiyo maana huko Ulaya na Marekani viwanda hutengeneza petroli ya majira ya baridi ili ivukize kwa urahisi zaidi kuliko ya kiangazi. Petroli iliyokaa miezi mingi ndani ya tangi hupoteza zile sehemu zake nyepesi zinazovukiza upesi, na gari lililoegeshwa muda mrefu husumbua kwa sababu hiyo. Maji yaliyoingia katika tangi la kituo nayo huleta balaa. Na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni tatizo la kweli, maana mafuta ya taa ni mazito, hayavukizi upesi, na hushusha okteni. Lakini zingatia, msomaji: yote haya ni mambo ya tangi fulani, katika kituo fulani, siku fulani. Vituo viwili vyenye ubao mmoja vinaweza kutofautiana, na vituo viwili vyenye mbao tofauti vikawa sawa.

Kisha kuna Eldoret yenyewe. Mji wetu umekaa kwenye kimo cha takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kila mwanafunzi aliyepangisha chumba hapa anajua kwamba maharagwe huchelewa kuiva, kwa sababu maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi badala ya 100. Petroli nayo hufuata kanuni hiyo hiyo. Hapa huchemka kwa joto dogo kuliko Mombasa. Ukizima injini ya turbo iliyopata moto sana, joto hupanda ndani ya boneti, na petroli iliyobaki katika bomba jembamba linaloelekea kwenye injini yaweza kugeuka mapovu. Ukirudi baada ya nusu saa, nozeli zinapewa mvuke mahali pa petroli. Gari zima hulizuia jambo hilo kwa kuifungia petroli ndani ya bomba hilo kwa presha hata baada ya injini kuzimwa.

Nilikuja kuyajua haya kwa njia ndefu. Baada ya kisa cha kituoni nilihamia kampuni nyingine, na gari likaendelea kukataa. Ndipo nilipoona aibu nikanunua daftari. Kwa wiki tatu nilitia petroli ya kampuni moja tu, nikaandika kila siku saa ya kuegesha, saa ya kuwasha, na kama lilikubali. Wiki tatu zilizofuata nilitia ya kampuni ya pili, nikipita barabara zile zile. Na wiki tatu nyingine ya kampuni ya tatu. Lilikataa mara saba, kisha mara saba, kisha mara sita. Daftari halikuonyesha tofauti yoyote ya jina. Lilionyesha tofauti ya muda: likiegeshwa dakika tano liliwaka, likiegeshwa kati ya dakika ishirini na arubaini lilikataa.

Nililipeleka daftari lile kwa fundi mwingine, mzee asiyependa maneno mengi. Alilisoma, akafunga geji kwenye bomba la petroli, akawasha injini, akaizima. Tulisimama tukiutazama mshale. Kabla ya dakika kumi kuisha ulikuwa umeshuka hadi sufuri. "Pampu yako inavuja kwa ndani," akasema. Kivali kidogo ndani ya pampu, ambacho kazi yake ni kuizuia petroli isirudi katika tangi injini inapozimwa, kilikuwa kimechoka. Kwa hiyo presha ilishuka, petroli iliyobaki ikachemka kwa joto la injini, na asubuhi pampu ililazimika kulijaza bomba upya. Alibadilisha pampu. Tangu siku hiyo gari linawaka, kwa petroli ya ubao wowote.

Na yule mwenzangu aliyeapa kwamba kampuni mpya ililiponya gari lake? Nilimhoji taratibu. Ikabainika kwamba wiki ile ile aliyohama kampuni ndiyo aliyobadilishiwa plagi na chujio la petroli. Alifanya mambo matatu, akalisifu moja. Hivi ndivyo imani nyingi zinavyozaliwa, si za magari peke yake.

Sasa nifike kwenye kiini cha hoja yangu. Wapo watakaouliza: kuna madhara gani mtu akipenda ubao fulani? Mapenzi hayana kosa. Kosa ni kwamba tunapolilaumu jina, tunaacha kumtafuta mkosaji wa kweli, na mara nyingi asiye na hatia ndiye anayelipa. Chukua uchanganyaji wa mafuta. Kiswahili kina neno lake, kuchakachua, lililovuma Tanzania hasa mwaka 2010, likatumiwa kwa mafuta na hatimaye kwa kura. Wachakachuaji wapo, na hutumia mafuta ya taa kwa kuwa yalikuwa ya bei nafuu. Tanzania iliwajibu mwaka 2011 kwa kupandisha ushuru wa mafuta ya taa. Kenya iliwajibu mwaka 2018 kwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta hayo hayo. Hebu fikiri ni nani aliyelipa tozo hiyo. Si mwenye gari la spoti. Ni mama wa kijijini anayepikia stovu, na ni mwanafunzi anayesomea koroboi. Hao ndio walioadhibiwa ili injini za wengine zipate petroli safi.

Laiti wenye magari tungekuwa na mazoea ya kupima na kuripoti, mchakachuaji angeshikwa kituoni kwake, si katika jiko la maskini. Mafuta ya taa hutiwa alama maalumu isiyoonekana kwa macho, na wakaguzi wa mamlaka ya kawi, EPRA, huweza kuitambua wakipima petroli ya kituo. Lakini mkaguzi anahitaji jina la kituo, siku na saa. Anayesema "petroli ya kampuni fulani ni mbaya" hajampa mkaguzi kitu cha kushika. Anayesema "nilitia lita ishirini katika kituo fulani, saa fulani, na hii hapa risiti" amempa.

Kwa hiyo nashauri hivi. Gari likikataa kuwaka, anza na gari: betri, plagi, koili, chujio, pampu. Andika linakataa lini, likiwa na moto au baridi, na baada ya muda gani. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Nunua petroli katika kituo chenye wateja wengi, ambako mafuta hayakai sana tangini, na uitunze risiti. Ukiwa na sababu ya kukishuku kituo, ripoti kituo hicho, si jina lililoandikwa juu yake.

Kwa walimu nina ombi moja. Wapeni wanafunzi swali hili darasani, liwe somo la sayansi au la Kiswahili: "Baba anasema petroli ya kampuni fulani huharibu gari. Tutajuaje kama ni kweli?" Wasiwape jibu, wawape njia ya kulitafuta. Mwanafunzi atakayejifunza kuuliza "umepima?" mbele ya jina la petroli atauliza vivyo hivyo mbele ya jina la dawa, la shule, la chama na la kabila. Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Sikatai, lakini mtu aliye gizani anahitaji pia taa, na taa hiyo ni kupima.

Nilirudi katika kile kituo baada ya pampu kubadilishwa. Nilitaka kumwomba radhi yule kijana mbele ya wateja, kama nilivyomwaibisha mbele yao. Msimamizi alikuwa mwingine. Wenzake waliniambia kwamba hakuitwa tena, na kwamba alikuwa akiweka akiba ya karo ya chuo. Hakuna aliyejua alikokwenda. Kama anaisoma safu hii, namwambia: ulisema kweli. Mafuta yalikuwa ni yale yale, na kosa lilikuwa langu.